Mpaka Chokaa

Kila mwaka, kabla wageni hawajaanza kushuka,
huitwa na ndoo zangu mbili
nikamvishe Mreno kanzu mpya.
Si yeye mwenyewe, ni mnara wake,
umechongoka pale ncha ya mwamba, Malindi,
na msalaba juu, wa jiwe lililokuja na merikebu zao.
Mimi Muislamu nimeupaka msalaba ule mara kumi na moja
nikisema bismillahi, maana ngazi huyumba.

Shangazi Mwanashee hanisemeshi wiki hiyo.
"Unampaka chokaa aliyetupaka matope."
Viazi vya karai huniwekea,
ila ukwaju hunipunguzia.

Mwaka huu pakaitishwa mkutano.
Vijana wakaja na kamba, wakaja na bango:
"Ung'olewe! Huyu hakuja kutuamkia!"
Mwarandu, mtembeza wageni, akasimama:
"Na karo ya wanangu mtaing'olea wapi?"
Mwalimu mmoja akasema ubaki,
ila kando yake asimamishwe mtu wetu, wa shaba.
Mtu yupi? Wa ukoo gani?
Atazame bahari au atazame soko?
Hapo ugomvi ndio ukaanza.
Tukaunda kamati. Tukala mahamri.

Mimi sikuulizwa.
Ningeulizwa, ningesema kile kiganja changu kinachokijua:
tumbawe lile limekatwa miamba ya huku,
chokaa ikachomwa kwa kuni za huku,
maji yakapandishwa kwa mgongo wa mtu,
na mgongo ule hauna kibao.
Upande wa kusini, chini, karibu na nyasi,
pana alama ya kidole gumba.
Fundi fulani alibonyeza chokaa ikiwa mbichi,
labda kuipima, labda basi tu.
Gumba langu laenea mle ndani.

Jana nikakwangua tabaka la mwaka jana,
nikakwangua la juzi, na la kabla yake,
hata nikaifikia rangi ya babu,
ina umanjano kidogo; mchanga wake hakuuosha vizuri,
alikuwa na haraka ya Ijumaa.
Nikaandika kwa ncha ya mwiko:
LALI SHEBWANA, FUNDI.
Herufi zikaenda upogo.
Nikapaka juu yake, mikono miwili, nikashuka.

Wakiung'oa, atatokea.
Wakiuacha,
namjua mimi, na shangazi,
ambaye alisikiliza kimya hadi mwisho
kisha akanisogezea bakuli zima la ukwaju.