Uani

Kijana wa ofisi ya Sanad, Ruwi, aliniuliza jina la kampuni.
Nikamwambia: Uani.
Akaliandika kwa Kiarabu, bila irabu,
alif, wau, alif, nuni, ye,
kisha akakisoma mwenyewe alichokiandika:
"Awani." Akainua macho. "Masufuria, mama?
Vyombo vya jikoni vina namba yake nyingine ya leseni."

Sikumcheka. Nimekwisha kuitwa makubwa kuliko sufuria.

Miaka tisa nilikuwa mbuzi.
Mbuzi wa kitambaa, kipindi cha watoto, Alhamisi alasiri,
mkono wangu wa kulia ndani ya shingo yake,
magoti yangu juu ya zulia la studio.
Watoto walinipenda miji mizima
na hapana hata mmoja aliyejua kuwa nina uso.

Kisha nikawa kilio.
Dubai, chumba kisicho na dirisha, tamthilia za Kituruki:
mke anaachwa, nalia kwa Kiarabu;
mke anafiwa, nalia, mdomo wake ukifunga nami nafunga.
Siku moja niliwalilia wanne kabla ya adhuhuri,
nikateremka, nikala sambusa mbili,
nikapanda kumlilia wa tano.

Nimekuwa msherehesheaji wa harusi, Sib mpaka Barka,
sauti yangu ikiwatangulia mabibi harusi mlangoni.
Nimekuwa maiti, mfululizo wa Ramadhani, siku tatu chini ya shuka;
ya pili nikapiga chafya, wakanikata ujira wa siku.

Na katika yote hayo
sikupewa neno moja la kusema
kwa lugha niliyoinyonya.

"Uani ni nini?" kijana akauliza. Kwa upole, nakiri.
Nilitaka kumwambia: ni nyuma ya nyumba,
wageni wa heshima hawafiki,
wanawake wamekaa wakichambua mchele na watu
kwa mkono uleule.
Sebuleni huwekwa mito. Habari iko uani.
Nilitaka kumwambia mama alitoka Unguja na masanduku mawili,
na Mabela alipojengewa nyumba isiyokuwa nao
akajifanyia uani kwenye kipande cha saruji
baina ya jiko na tangi la maji.
Lakini nyuma yangu foleni ilikuwa inakohoa.
"Filamu," nikasema. "Andika filamu."

Bangili zangu saba zilikwenda Matrah, hazikurudi.
Ofisi yetu iko juu ya duka la dobi;
mashine zikianza kukamua, meza inatembea,
na kila karatasi yetu inanuka pasi.
Kamera ni ya Biju, Mmalabari mpiga picha wa harusi,
anatukodisha siku ambazo hapana anayeoa.

Siku ya kwanza tulizima kiyoyozi. Julai.
Ghalib wa sauti alisema kinavuma ndani ya maneno.
Mama na Bi Thuwaiba, ungo baina yao,
jasho likiwatiririka mpaka kwenye viwiko,
wakaanza kumsema jirani aliyekufa mwaka wa sabini na moja
kama ndiyo kwanza ametoka mlangoni.
Nilikuwa nimeandika kurasa sita. Hawakugusa hata mstari.
Katikati ya ugomvi mama akageuka,
akaitazama kamera ndani ya jicho lake:
"Huyu kijana ameshakula?"

Ghalib akavua vichwani. Turudie, akasema.
Nikasema haturudii.
Biju alikuwa bado anapiga, machozi au jasho, sikuuliza.

Jioni ileile simu ikalia ofisini.
Mtu wa Nizwa, ameliona jina letu mahali,
anataka masinia arubaini, makubwa, ya harusi.
Chini yetu mashine zikakamua, meza ikasogea kidogo.
Nikamuuliza harusi ni lini,
nikaandika tarehe
nyuma ya ukurasa wa tatu.