Tembo wa Koponi

Kopo lilikuwa la maziwa ya unga.
Nililitoboa mdomo kwa kisu cha kukatia bamia,
nikaliweka juu ya kabati, nyuma ya cherehani mbovu.

Mwanzoni waliingia swala,
wale wa shilingi mia, mbio mbio, chenji ya maandazi.
Nyati wa mia tano wakaja baada ya mfungo,
wazito, wakigonga bati kwa kichwa.
Simba wa elfu mbili alikuwa na tabia zake:
luku ikikata, anatoka tena usiku.
Faru adimu, kama alivyo porini.
Na tembo mmoja tu, noti mpya, haina mkunjo,
kutoka kwa shangazi yao wa Kibaha, aliyesema,
"Wanunulieni viatu."
Hatukununua.

Mwanahawa aliwaandika wote kwenye daftari.
Mwalimu aliuliza darasani nani amemwona twiga kwa macho yake.
Iliinuka mikono mitatu,
mmoja ulikuwa wa uongo.
Nilijua ni wa nani,
maana usiku ule aliniuliza twiga analalaje.

Chande, baba yao, ndiye mtu wa hesabu:
Noah tuchangie na kina Mapunda,
wali tupike usiku, maji tujaze madumu,
tutoke Mbagala saa tisa alfajiri, turudi siku hiyo hiyo,
kulala huko ni kwa wenye nazo.
Na iwe Jumamosi hii, siyo ile ijayo,
kwa sababu Jumatano Kibwana anatimiza mitano,
na chini ya mitano getini halipiwi.

Ijumaa jioni ndipo tukaambiwa geti halipokei noti.
Linataka namba ya malipo, kwa simu.

Tukalibeba kopo hadi kwa wakala, Rangi Tatu.
Akawahesabu kwa kidole gumba chenye mate:
swala, nyati, simba, faru.
Tembo wa shangazi akamwinua kwenye taa
kutazama kama ni wa kweli.
Droo ikafungwa.
Simu ikatetemeka mara moja.
"Wamekwenda wapi?" Kibwana akauliza.
"Wametangulia," baba yake akajibu.

Getini Mikumi askari alichungulia dirishani, akahesabu vichwa.
"Nani huyu wa chini ya mitano?"
"Mimi nina mitano!" Kibwana akapaza sauti, kifua mbele.
"Mitano kamili!"
Gari zima kimya. Mama Mapunda akakohoa.
Nikapekua mkoba: ubuyu, nepi, maganda ya ndizi,
kadi ya kliniki iliyopauka.
Askari akaisoma tarehe taratibu,
kama anayesoma barua ya mchumba.
"Bado siku nne, bwana mkubwa. Pita.
Ukirudi, utalipa kama wenzako."

Simba hatukumwona. Nisiwadanganye.
Tuliona nyumbu, tukaona makalio ya ngiri,
tukaona vumbi la magari yaliyotangulia kuona.
Kisha twiga, karibu kabisa, anatafuna.
Kina Mapunda wakapiga kelele.
Mwanahawa hakusema neno.
Alimtazama muda mrefu sana,
kama mtu anayelipa deni.

Saa nane, jua kali, wali umekwisha,
tembo alivuka barabara mbele yetu
bila kutugeuzia hata sikio.

"Wa shangazi!" Kibwana akanong'ona.
"Wa shangazi hakuwa na mikunjo," dada yake akasema.
Kibwana akafikiri.
"Ametembea kwa miguu," akasema. "Kutoka Mbagala."

Jumatano hapakuwa na keki.
Tulikata andazi moja kubwa kwa kisu kile kile cha bamia.
Usiku nikasikia kiti kikiburutwa, kabati likilia,
halafu swala mmoja akianguka
kwenye bati tupu.
"Kibwana, unafanya nini huko juu?"
"Naanza," akasema.
"Sasa na mimi nalipiwa."