Uzito wa Lori Tupu

Kabla sijaliona nalijua.
Likipanda kile kilima cha kuvukia reli, gia ya pili hulia
kama mtu anayemtafuta mbuzi wake usiku,
kisha kimya kidogo. Hapo Olwanda anakanyaga klachi mara mbili,
moja ya kuomba, moja ya kushukuru,
na lori lainuka, miwa ikiyumba juu yake.

Bedfodi. KLR 318. Rangi iliyokuwa samawati
sasa ni ya chochote kilichobaki kwenye kopo.
Juu ya kioo, kwa herufi za mkono: HATA MIMI.
Hakuna anayekumbuka sentensi ilianzia wapi.

Mimi ni karani wa mizani hapa Muhoroni.
Nina dirisha, kalamu mbili, na kitabu kilichonitangulia.
Matrekta mapya hupita na trela zao nne nne
yakinung'unika kwa adabu; nayaandika, nayasahau.
Lakini hili nikilisikia hutoka nje na kikombe changu cha chai.
Wenzangu hucheka: Adoyo, mchumba wako huyo, amefika na jasho lake.
Sibishi. Kweli linavuja.

Basi mwaka jana, mvua zilipochelewa,
nikagundua jambo kitabuni.
Uzito wa lori tupu: kilo elfu tatu mia nne themanini.
Uliandikwa kwa wino wa buluu na karani
aliyestaafu kabla sijajua kuandika,
na tangu hapo kila aliyeketi kiti hiki alinakili tu,
akaitoa namba hiyo, akalipa kilichobaki.
Nikamwambia Olwanda: ukishamwaga miwa, rudi upande mtupu.
Akapanda. Sindano ikacheza, ikatulia:
elfu tatu mia tisa na kumi.

Kilo mia nne na thelathini!
Miaka yote hiyo kiwanda kimelipia chuma bei ya miwa.

Olwanda alinyamaza, kisha akacheka mpaka akashika tairi.
"Kumbe lilikuwa linalamba sukari!"
Halafu akaogopa. Akaanza kushusha vitu:
jeki, mnyororo, dumu la maji ya radieta,
jiko la mkaa la Wafubwa utingo na sufuria yenye ugali wa jana,
jiwe la mto Nyando linaloshika gurudumu breki zikikataa,
na mwisho Wafubwa mwenyewe, aliyekuwa amelala.
Tukapima tena.
Elfu tatu mia saba na tisini.
Mia tatu na kumi zikagoma kushuka.

Nikalizunguka, nikizitafuta kwa vidole.
Bamba chini ya mlango ni la marehemu Harbans wa Kibos;
alilichomelea juma lile alilomzika mkewe,
akasema, heri moto huu.
Springi ya tatu, kushoto, ilitoka kwa basi lililoungua Awasi.
Mbao za bodi ni mkalitusi wa Koru, ulikatwa mbichi,
na hadi leo umekataa kukauka.
Na weldi juu ya weldi, mshono juu ya mshono,
hata nikashindwa kujua lori liko wapi
na viraka vimeanzia wapi.

Bila hivyo lingekuwa jepesi kama siku liliposhuka melini,
nalo lingekuwa limelala nyasini, kuku wakitaga kwenye usukani.

Nikaandika ile ya kweli, 3,910, kwa wino wangu mweusi.
Olwanda akasoma juu ya bega langu.
"Umeninyang'anya sukari ya chai, Adoyo."
"Nimekuandikia ulicho nacho."
Akavipakia vitu vyake kimoja kimoja, jiwe mwisho.
Staata ikakataa. Wafubwa akashuka na hendeli,
akazungusha mara moja, mara mbili, akatukana kwa Kibukusu,
na mara ya tatu ardhi chini ya dirisha ikaanza kunguruma,
kalamu zikabingirika mezani,
chai ikachora miviringo kikombeni,
nikatetemeka hata mimi.