Kiganja Sakafuni

Kabla hawajafika nawasha taa mbili tu,
umeme wa shule si wangu.
Navua pete, napiga magoti,
naipapasa sakafu ubao kwa ubao.
Natafuta msumari uliochomoza,
kibanzi, pini ya nywele ya binti wa darasa la sita.
Mchezaji wa kukaa hana kiatu cha kumkinga.
Anakwenda kwa viganja na makalio,
na mbao hizi za Tuzla zimenizidi umri.

Saa moja jioni wanaingia.
Miguu wanaiacha ukutani,
imepangwa kama viatu mlangoni mwa msikiti,
mmoja umevaa soksi ya sufi
aliyoifuma mama yake Rasim
kwa mguu usiohisi baridi.
Nilimwuliza, ya nini?
Akasema: mwambie wewe, Mevlida, mimi nimeshindwa.

Sheria yao moja naipenda:
unapopiga, usinyanyuke.
Kiuno kikiachana na sakafu,
hata kwa unene wa karatasi, refa anapuliza.
Dunia nzima inafundisha watu kuinuka.
Hawa wanashinda kwa kubaki chini,
na chini ndiko kulikowasaliti.

Maana ardhi yetu, baada ya vita,
ilikuwa na meno.
Muharem alifuata plamu.
Senahid, ng'ombe.
Vinko hakufuata kitu, alikuwa anarudi nyumbani.
Bomu lile la Vinko lilitegwa na upande wa Muharem,
au hawakulitega wao. Daftari zilipotea.
Muharem humwinulia Vinko mpira,
juu kidogo, kushoto kidogo, pale anapoupenda,
na hayo ndiyo mazungumzo yao yote
kuhusu jambo hilo.

Usiku wa fainali tulikuwa humu ukumbini,
mimi, mlinzi, wake wawili,
na televisheni ya mwalimu wa jiografia.
Wairani warefu, ukuta wa mikono.
Seti ya tano. Kumi na nne kwa kumi na tatu.
Vinko hakupiga kwa nguvu. Aliugusa tu,
kama mtu anayefunga mlango mtoto amelala,
ukadondoka nyuma ya ukuta.
Mlinzi akalia, mtu mzima na ndevu zake.

Bendera ikapanda.
Wimbo wetu wa taifa hauna maneno,
wakubwa hawajaafikiana tuseme nini.
Wageni walidhani vijana wamesahau beti.
Walikuwa wamefunga midomo pamoja, wote kumi na wawili,
na sijawahi kuisikia nchi hii
ikitamka kitu kimoja kwa ufasaha ule.

Wakaitwa manispaa wapongezwe. Ghorofa ya tatu.
Lifti mbovu tangu Machi.
Ngazi zile nyembamba, mguu wa bandia hauna pa kukanyaga,
wakapanda kinyumenyume, kwa viganja, na suti mpya,
medali zikigonga kila kipandio,
na huko juu wapiga picha wanasubiri
mashujaa waingie wima.
Senahid alisema sherehe ilifana. Juisi ilikuwa vuguvugu.

Dhahabu yenyewe niliishika.
Nzito. Baridi kama kitasa.
Nikairudisha upesi, mikono yangu ilikuwa na sabuni.

Leo wamekuja watoto wapya wawili,
vita hawakuiona.
Mmoja ni gari, mmoja ni ugonjwa wa mfupa.
Nilishukuru, Mungu anisamehe,
kwa sababu hizo za kawaida.
Wamesimama mlangoni na magongo yao,
wanaitazama sakafu
kama sisi tunavyotazama nyasi ndefu.

Nimepiga magoti tena, mbele yao,
ubao kwa ubao, mpaka ukutani kwenye miguu,
nikageuza kiganja wakione.
Hakuna kitu.
Ingieni.