Kifurushi cha Kawaida

Mzee Jivraj ameacha karatasi moja tu,
nyuma ya risiti ya ufuta, kwa kalamu ya risasi:
Nichomwe. Bila shughuli. Somoe asimamie.
Somoe ni mimi. Mizani yake nimeishika miaka ishirini na miwili,
lakini jiwe hili sijawahi kulipima.

Mwanawe Hasmukh kapiga kutoka Leicester,
kule ni usiku, anakohoa au analia:
"Chagua wewe, dada. Hela natuma."
Hela ni rahisi. Imeingia kabla sijakaa.

Kampuni ya Dar inapokea kwa muziki.
Kisha msichana, sauti iliyopigwa pasi:
gari lenye baridi litafika Lindi kesho saa nne,
litambeba, Nangurukuru, Somanga, daraja la Rufiji,
tanuri la gesi, hakuna moshi, hakuna mtu,
"na majivu, mteja wetu, yanarudi kwa basi
ndani ya siku tatu, pamoja na cheti."
Hiki, anasema, ni kifurushi cha kawaida.
Kipo na cha dhahabu.
Mzee angeomba punguzo kwa vyote viwili.

Likunja wa Mitandi hana muziki.
Simu yake inaita mpaka inachoka,
halafu anapiga yeye, kwa salio la kukopa.
"Ana kilo ngapi?" Ndilo swali lake la kwanza.
Nikasema sabini, zamani. Siku hizi nusu gunia.
"Basi kuni zinapungua, na bei nitashusha."
Ndiye aliyemchoma Manjula, mke wa mzee, mwaka ule wa mafuriko,
na baada yake hajachoma mwingine; wenyewe wamekwisha mjini.
"Mkorosho sitii, mafuta yake yanaruka machoni.
Mkwaju ninao, ila umenyeshewa. Sikudanganyi:
tutaanza alfajiri, na adhuhuri huenda ikatukuta."
Halafu akauliza kama mzee aliendelea kulamba ndimu na chumvi.

Dar ni nafuu kwa laki na nusu. Nimejumlisha mara mbili.
Na Dar ndiyo itakayomtii: bila shughuli.
Hapa hakuna kitu bila shughuli.
Tangu jana mama Nachundu katandika mkeka barazani,
hajui mtu wa dini ile anasomewa nini,
kaja tu na sufuria lake kubwa.
Nikimpa Likunja, moshi utapiga mbiu mpaka Mikumbi,
watakuja wenye madeni
na waliolipa watakuja kuwatazama wenye madeni.

Kwetu maiti hasubiri, na moto ni neno la kuogopwa.
Mama kasema: usiniulize mimi.
Nikamkumbuka mzee siku ya Manjula,
amesimama nyuma ya Likunja, anahesabu magogo
kwa sauti ndogo, kama anayehesabu magunia,
na kila alipokosea akarudia mwanzo,
na Likunja, gogo begani, alimngoja.

Alimngoja.
Sijui kama hiyo ni sababu. Ndiyo niliyokuwa nayo.

Tulikuwa kumi na mmoja. Nilimwomba mzee radhi kimoyomoyo:
nimejaribu, bosi, sufuria lilikuwa limeshabandikwa.
Mkwaju uligoma, ukatoa povu, ukakubali.
Saa tisa nikakabidhiwa chungu, bado kina joto,
nikakipeleka dukani, nikakiweka juu ya mizani, mazoea tu:
kilo mbili na robo, uzito wa chungu nimeutoa.
Yeye juu ya kila kipimo cha ufuta
alimwongezea mteja konzi moja.
Nikaufungua mkono wangu, nikaufunga.

Kesho yake simu, safari hii bila muziki.
"Mteja wetu, bado unafikiria?"
Nikamwambia kifurushi changu kimekwisha.