Theluji Haikuwa na Doa

Kwanza nilitandika kadibodi chini ya pikapu ya baba,
usiku wa digrii thelathini chini ya sifuri,
nikachomeka ukutani waya wa kupasha injini, nikalala.
Asubuhi kadibodi kavu.
Theluji nayo, toka mlango wa banda hadi barabara ya Dauphin,
nyeupe pe, haina doa.
Lakini kijiti cha oili kilisema nusu lita imekwenda.

Imekwenda wapi?

Gia ya kwanza huingia kwa adabu.
Ya pili hukawia, injini ikipiga kelele,
kisha kishindo, kama mtu kasukumwa mlangoni.
Ya tatu, ngoja.
Pita kwa akina Wasylyshen, ngoja,
pita ghala la nafaka lililofungwa, ngoja,
ndipo teke la mgongo,
na chupa ya kahawa inaruka kutoka kitini.

Mafundi wawili mjini walisema, bila hata kuinama:
"Giaboksi imekufa. Dola elfu nne."
Mmoja alikuwa anatafuna donati.
Baba naye alisema imekufa. Alisema Bohdan ndiye aliyeiua,
kiangazi kile alipovuta trela la ngano mlimani,
kakanyaga mafuta mpaka chini.
Maneno yalirushwa uani, yakaokotwa yote.
Bohdan akahamia Thunder Bay.
Miaka sita, kadi za Krismasi zina sahihi ya mama peke yake.
Na baba aliendesha vivyo hivyo, akiongeza oili, akilaani,
mpaka Machi tulipomzika, ardhi ngumu kama jiwe.

Mimi si fundi. Nasafisha meno ya watu, Jumatatu hadi Alhamisi.
Kazini nimejifunza hili: using'oe kabla hujachungulia.

Basi nikaiwasha, nikaiacha ipate moto.
Nikachomoa kijiti, nikanusa.
Giaboksi iliyoungua hunuka, oili yake huwa kahawia.
Hii ilikuwa bado nyekundu, supu ya bitiruti ya mama.
Maiti gani hii yenye damu safi?
Nyuma, kwenye bomba, moshi mweupe, mzito,
ambao miaka yote tuliuita baridi.

Nikalala chali na tochi mdomoni.
Ubavuni mwa giaboksi kuna kopo la chuma,
dogo, ungeweza kulifunika kwa kiganja,
na mpira mwembamba unaoliunganisha na injini.
Injini huvuta pumzi kwa mpira huo,
na kwa pumzi hiyo giaboksi hujua
mzigo ni mzito au mwepesi,
ibadili sasa au isubiri.
Nikauchomoa mpira.
Tone jekundu likanidondokea kwenye mkono wa sweta,
halafu jingine.

Ngozi ya ndani ya kopo ilikuwa imepasuka.
Injini ilikuwa inakunywa oili ya mwenzake, inaitoa moshi,
na giaboksi, haisikii pumzi wala nini,
ilidhani kila siku, hata ikienda kununua maziwa,
kwamba inavuta ngano mlimani.

Boliti moja. Spana ya nusu inchi.
(Kuna kijipini ndani. Kilitaka kunidondoka.)
Kopo jipya lilikuja kwa posta toka Winnipeg, dola thelathini na nne,
na mpira nikaukata kwa kisu cha mkate.

Usiku nikampigia Bohdan, nikamweleza.
Alinyamaza. Nilisikia hoki kwenye televisheni yake,
mtu kafunga bao, watu wanashangilia.
"Ya pili kwenda ya tatu?"
"Siisikii ikiingia."
"Ukiwa na mzigo?"
"Sijajaribu na mzigo."
Kimya tena. Bao lile likarudiwa.
"Mpira umeufunga kwa klipu?"
"Nimesahau."
"Funga kwa klipu, Darka," akasema,
kwa sauti ya baba, ile ya hasira, ile ile,
"utakuja kukwama barabarani."