Kakao Haijui Jumamosi

Daftari hili ni la madeni ya rasta na mafuta ya nywele.
Nimeligeuza kichwa chini, ukurasa wa mwisho nikaandika:
Bundibugyo. Watu tisa. Siku mbili.
Nikapiga mstari, kama mwenye hakika.

Sisi ni wasusi wa Mubende; Jumamosi si yetu,
Jumamosi ni ya mabibi harusi na mama zao,
ya shangazi anayetaka mistari myembamba mpaka kope zimvutike.
Wikendi yetu itaanza wenzetu wakitoka ibadani
na kuisha Jumatatu usiku. Hilo lilipita bila kura.

Mengine yote yalipigiwa kelele.
Nakiwala anataka chemchemi za Sempaya kwanza,
amesikia maji yanatokota mpaka yai linaiva,
na trei ya mayai ameshaiahidi, mabichi,
atayapakata mwenyewe kona zote za mlima.
Alupo hapandi gari ambalo breki zake hajazikagua kwa macho yake.
Kemigisa ameapa hatupiti Fort Portal
bila kula firinda ya mama yake,
"na msishibe, kuna meza ya Wakonzo mbele,
bundu, sombe, na samaki wa Semuliki."
Aciro akauliza: Sasa chokoleti tutaitia wapi?

Nikaandika: laki moja na ishirini kila mmoja.
Nikafuta. Laki na kumi. Nikafuta tena,
karatasi ikatoboka mahali pa bei ya gari.

Usiku nikampigia Kabugho, mwenye shamba na sufuria.
Nikamwambia: tutafika Jumapili, Jumatatu tuondoke na chokoleti,
tumeitengeneza wenyewe, tangu mtini.
Akacheka kama mtu aliyeambiwa
mtoto azaliwe leo, aolewe kesho.

"Kakao haijui Jumamosi," akasema, "wala Jumapili.
Ukipasua tunda, mbegu zina ute mweupe, mtamu kama stafeli.
Unazilaza sandukuni, unazifunika majani ya mgomba
siku sita. Zinatoka jasho. Zinapata joto,
ukitia mkono unautoa mbio.
Siku ya pili unazigeuza. Siku ya nne unazigeuza,
zinanuka siki, wageni huziba pua.
Kisha jua, wiki nzima, na wingu likikunja uso, turubai.
Nyinyi mtazikuta kavu: mtakaanga, mtamenya,
mtasaga mpaka mabega yadai mshahara."

Nikanyamaza. Kitu hicho nakijua:
mteja anakaa mikononi mwangu tangu alfajiri hadi jua kichwani,
halafu anaingia ukumbini, watu wanasema, lo, umependeza,
kana kwamba nywele zilijisuka zenyewe njiani.

"Mmepatana siku gani?"
Sikumwambia kwamba hatujapatana.
Sikumwambia daftari limetoboka,
wala kwamba Nyangoma hajalipa na hajasema halipi.
Nikasema: Jumapili ya tatu kutoka leo.
"Basi zenu nazipasua kesho."

Leo siku ya nne. Saluni inabishana juu ya mayai,
tuyabebe au tuyanunue kule kule.
Nina kichwa cha mwalimu mapajani,
na kila nikishika fungu jipya
naona mikono mingine ng'ambo ya mlima
inageuza, inafunika,
mbegu zetu, moto, zinanuka siki,
hazina habari kwamba gari halijapatikana.

Nyangoma anafagia nywele sakafuni. Hasemi.
Jioni, ndani ya kopo la vitana,
nimekuta noti tatu za elfu ishirini,
zimekunjwa ndogo kama kucha, zina harufu ya mafuta ya nazi.
Sijauliza. Nimegeuza daftari kichwa chini,
nikaandika jina lake, na mbele yake: sitini.
Nikaacha nafasi.